Jibu la Njiani

Mama Otis,

Amosi. Nimekuamkua kwa Kijaluo chako, na nakuona ukijizuia kucheka hilo tamshi langu la Bungoma. Habari za huko sikuulizi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haulizwi swali ambalo hana njia ya kulijibu.

Mimi mzima. Nalisema mapema ili usisome hadi mwisho ukiwa na wasiwasi. Nililia, ndiyo, tena nililia vibaya. Siku ya mazishi yako mdogo wako Akoth alinivuta kando akaninywesha maji, utadhani mfiwa ni mimi na yeye ni jirani tu aliyekuja kupika. Lakini mvua zimenyesha tangu hapo, watu wamevuna, na siku hizi nikikukumbuka huwa nacheka kwanza. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa hapa nje kwangu Manyatta na kikombe cha chai. Mwavuli wako mweusi umeegemea ukuta. Otis ndiye aliyenipa. Alisema, "Chukua, Nafula. Hii mwavuli inajua hiyo kazi yenu kuliko mimi." Mwanao bado anauza simu pale Kondele, na amenenepa. Mke wake anampikia vizuri, kwa hiyo hilo la kumwombea mke unaweza kuliacha sasa.

Nakuandikia kwa sababu ya ile ndiyo.

Unaikumbuka. Nilikuja kukuona hospitalini, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki, na ukanishika mkono ukaniambia, "Nafula, mlango wa Nairobi ukifunguka, ingia. Usizeeke barabarani kama mimi. Mimi hawakuniita." Nami nikasema ndiyo, nitaingia. Sikukuona tena ukiwa hai. Basi mlango umefunguka, Mama. Makao makuu wameniita niende nikae kwenye meza ya uchambuzi, mahali ambapo majibu yote ya utafiti wa soko kutoka pande zote za nchi hufika na kugeuzwa kuwa ripoti. Kwa muda mrefu nilikuwa sijui nifanye nini, na nilikuwa nakuogopa wewe kuliko ninavyowaogopa wao.

Ngoja nianze mbali kidogo, nikifika utaelewa.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilikuja Kondele na diploma kwenye bahasha na viatu vya kisigino. Ulivitazama viatu, ukanitazama mimi, ukavitazama tena. "Nyathina, hii viatu ni ya kazi ama ya harusi?" Nyathina, mtoto wangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu nifike Kisumu, kwa hiyo hata kejeli ya viatu haikuniuma. Ulinipeleka kwa muuza mitumba ukanichagulia raba, na vile visigino nikavibeba kwenye mfuko siku nzima.

Tulikuwa tunauliza juu ya majani mapya ya chai. Nilisoma hojaji yangu kwa sauti ya mtangazaji wa redio: je, chai hii unaionaje? Mama wa kwanza akajibu, "Ber ahinya." Nzuri sana. Wa pili, ber ahinya. Mpaka jioni, ber ahinya. Nikakwambia kwa furaha kwamba hiyo chai itauzwa hadi ng'ambo ya mpaka. Ulicheka hadi ukakalia kreti ya soda. "Nafula, umekaa kwa kiti yake, umekunywa maji yake, halafu unamuuliza kama kitu umemletea ni mbaya. Unataka akwambie nini? Wewe ni wendo." Wendo, mgeni. Na mgeni huku hapewi neno chungu, kama vile hapewi ugali uliolala.

Siku iliyofuata ukanionyesha njia yako, ambayo hakuna mafunzo yoyote yaliyowahi kunionyesha. Uliuliza maswali yote kama yalivyoandikwa, hukuruka hata moja. Ukafunga kishikwambi, ukashukuru, ukaaga. Boda boda wetu ulikuwa umemwambia asubiri kule barabarani, mbali na lango, nami nilikuwa nimenung'unika kwa sababu jua lilikuwa linachoma. Mwenye nyumba akatoka kutusindikiza, maana mgeni haachwi aondoke peke yake kama aliyefukuzwa. Mkatembea polepole mkizungumza juu ya mahindi na karo. Mlipopita ua na kufika penye kona, nyumba ikiwa nyuma yetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini hiyo majani, Mama, inachelewa kutoa rangi. Mimi niliongeza mara mbili."

Hukurukia kishikwambi. Ulisimama, ukamuuliza kama unaweza kulipeleka neno hilo ofisini bila jina lake. Alifikiri, akakubali. Mwingine, kesho yake, alikataa, nawe ukaliacha neno lake pale pale kwenye njia, ingawa lilikuwa tamu kuliko yote tuliyoyapata. Mimi nilinuna. Ukaniambia, "Ya njiani ni ya mwenyewe mpaka akupe."

Mengine ulinipa kidogo kidogo, katikati ya mahindi choma na vumbi. Ukishauliza, nyamaza, na ukimya ukikuuma, uma ulimi wako. Usimmalizie mtu sentensi. Usiipende bidhaa ya mteja kuliko unavyompenda mtu atakayeitumia. Habari mbaya ipeleke mapema na uipeleke ukiwa umeketi, ili mtu asidhani umekuja kugombana. Na lile ulilolirudia hadi nikalichukia: "Soma hesabu, Nafula. Mtu wa kuuliza tu bila kujua hesabu ni kubeba anabeba, hajui ni nini iko kwa gunia." Ndiyo maana nikaenda masomo ya jioni. Wakati wa mitihani ulinipikia omena, dagaa wa ziwani, ukinitania kwamba Mluhya akikosa kuku anadhani ni Kwaresma.

Sasa nikwambie juu ya sabuni.

Ulipoondoka waliniweka mahali pako kunijaribu, nisimamie watu wetu wa nyanjani, wakisema wataona. Kazi ya kwanza ikawa sabuni ya ndimu, ya kuondoa harufu ya samaki mikononi. Wakatutuma kwa akina mama wauza samaki wa ufuoni Dunga, na kwa kweli nilipoinusa hiyo sabuni nilisema, hawa watu wameokoka. Wahoji wangu wakaenda, wakarudi, na majibu yote yalikuwa ber ahinya. Kwenye kikundi chetu cha simu ilikuwa ni vidole gumba tu na maombi ya shukrani. Nilikuwa karibu kabisa kuituma ripoti, na ningeituma, isipokuwa nilitazama viatu vyao. Vilikuwa visafi. Boda boda walikuwa wamewachukua mlangoni kwa watu.

Nikabeba mwavuli wako nikaenda Dunga mwenyewe. Nilimpata mama mmoja anayepara na kuuza samaki wa ngege, wote pale wanamwita Nyar Asembo, binti wa Asembo. Alinipa kiti. Aliisifu sabuni, akaisifu karatasi yake, akawasifu hata waliobuni hiyo karatasi. Nikauliza yote, nikafunga, nikaaga. Akajipangusa mikono kwenye leso akatoka nami. Tukapita mashua zilizovutwa nchi kavu, tukapita omena walioanikwa kwenye nyavu, akinieleza jinsi binti yake anavyokataa kuamka asubihi. Tulipokaribia barabara akasema, "Dada, hiyo sabuni ni nzuri ya kanisa. Ya hapa, hapana. Mimi nikinuka ndimu, si kastoma ataniuliza samaki yangu iko na shida gani, mpaka naificha?"

Mama Otis, nilitamani ungekuwepo uone sura yangu. Nilisimama kama ulivyokuwa ukisimama. Nikamwomba ruhusa. Akasema, "Peleka. Lakini usiseme ni mimi, watasema sina shukrani."

Niliwarudisha wahoji wote, na sharti moja: boda asubiri mbali, na atakayekataa kusindikizwa atanieleza. Walininung'unikia vilevile nilivyokunung'unikia wewe. Walirudi na vumbi hadi magotini na maneno tele. Wengi wa wale akina mama walisema jambo lile lile, kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja akiwa ameipa nyumba yake mgongo.

Siku ikafika, wenye sabuni wakaja Kisumu kusikia. Mtu aliye kwenye majaribio hubeba habari njema kwa urahisi zaidi, hilo huhitaji kwenda shule kulijua. Lakini niliketi, nikalisema lile baya kwanza. Mkubwa wao, mzee mmoja mpole, akauliza, "Mbona hawakusema walipoulizwa?" Nikamjibu, "Walisema, Mzee. Walisema wakitusindikiza." Akaanza kucheka. Akasema hata mama yake kule Kakamega humsifia kila zawadi anayompelekea, halafu ukweli anamwambia kwenye mlango wa gari. Sasa wanajaribu sabuni isiyo na harufu yoyote. Kama itapendwa sijui, hilo litakuwa na utafiti wake.

Kwa ajili ya hiyo sabuni wakanithibitisha kwenye kiti chako. Na kwa ajili ya hiyo hiyo sabuni, Nairobi wakaniita. Walisema mtu anayejua kuyatafuta maneno namna hiyo hafai kuachwa juani.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Kazi ni nzuri, sitadanganya. Kuna bima, kuna kiti kinachozunguka, na mama yangu kule Bungoma angewatangazia kanisa zima. Tena kulikuwa na ile ndiyo niliyokupa. Lakini kila nilipoisoma barua yao nilijiona nimeketi mahali ambapo maneno yanafika yakiwa yamekauka kama omena wa gunia, na sina hata mmoja wa kunitoa hadi barabarani. Roho yangu haikutaka. Nilijiambia ni woga. Nikamwendea Otis, naye akanijibu huku akibandika kioo cha simu ya mtu, "Mama alisema uende. Sasa unauliza nini?" Kweli, nilikuwa nauliza nini?

Basi nikaja kwako, Luanda Kotieno. Kaburi lako ni safi, nyasi zimekatwa, na maua niliyopanda mawili yameshika na moja limeliwa na mbuzi. Nilisimama pale nikakueleza yote, ukaninyamazia. Akoth akaniita ndani tule. Unajua mwenyewe, kukataa chakula cha Akoth ni kutangaza vita, kwa hiyo nilikula, nikala tena. Kisha, nikiwa nimeshiba samaki wake na nimekaa kwenye kochi lake chini ya kile kitambaa cha ukutani alichokifuma, nikamuuliza, "Mama mdogo, si ni kweli Mama Otis alitaka sana niende Nairobi?"

Akasema, "Ndiyo. Alitaka sana."

Ungekuwa pale ungenipiga kwa mwavuli. Swali lenye jibu lake ndani, tena ndani ya sebule, tena mdomoni mwa msimamizi mzima! Nikaaga nikiwa mzito, nikijua sasa sina pa kutorokea.

Akoth akajifunga leso akatoka nami kuelekea stendi, kule kivuko kinakofikia kikitoka Mbita. Tukaenda taratibu. Akanionyesha posho mill mpya ya kusaga mahindi, akalalamika juu ya mwenye nayo. Tulipoipita akashika mkono wangu.

"Nafula, wacha nikwambie. Nairobi walimwita. Wakamwita tena. Akakataa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuja hapa akatuambia, ataenda kufanya nini huko? Atasindikizwa na nani, na lifti?"

Nikamuuliza mbona basi uliniambia hawakukuita. Akasema uliogopa. Ulijua nikisikia ulikataa nami nitakataa, kisha watu waseme ni wewe uliyenishikilia hapa, mtoto wa wenyewe wa Bungoma, na mama yangu asikusamehe. Nikanyamaza, kwa kuwa nimefundishwa. Akaongeza mwenyewe, "Na hakujuta. Mtu wa kujuta anacheka vile?" Nilimwomba ruhusa ya kulileta neno hilo kwako. Alifikiri, akasema, "Mwambie tu. Atanisamehe tukikutana."

Mama Otis! Hata wewe?

Nilikuwa nimekuja hospitalini na machungwa na maziwa, nikakaa kwenye kiti cha wageni, nawe ukanipa jibu la sebuleni. Ukanipa neno zuri la kumpa mgeni. Kisha kengele ya kuwatoa watu wodini ikalia, nami nikatoka haraka, na wewe hukuweza kuinuka unisindikize. Hilo ndilo lililoniliza pale stendi mbele ya wauza mayai, si uwongo wako. Najua ungeinuka. Tungepita vile vitanda, tungefika kwenye mlango wa wodi, na pale ungeniambia. Ilibidi mdogo wako aje akumalizie njia.

Baada ya machozi nikaanza kucheka, na sijaacha vizuri hadi leo. Lifti!

Nimewajibu Nairobi. Niliwaambia kwa heshima kwamba nabaki, na nikawaomba kitu ambacho wewe hukuwahi kukiomba, labda kwa sababu wakati wako haikuwezekana: kwamba majibu ya ukanda huu wa ziwa tuyachambue sisi wenyewe hapa hapa, na ripoti iandikwe na watu waliosindikizwa. Zile hesabu ulizonilazimisha zisiote kutu. Mkubwa wa huko alikaa siku kadhaa, kisha akaniandikia, "Tujaribu msimu huu." Si ndiyo kamili, lakini ilitoka kwa mtu aliyeandika akiwa peke yake, bila mgeni wa kumfurahisha, kwa hiyo naiamini. Pengine siku moja nitajuta. Pengine miguu itachoka nami nitaitafuta hiyo lifti mwenyewe. Nikifika huko nitajua la kufanya, na sitasema nilizuiwa na mtu.

Kesho naanza na wahoji wapya pale Kondele. Najua mmoja wao atakuja na visigino. Nitamtania, kisha nitampeleka kwa mitumba. Nitawafundisha kunyamaza, kuomba ruhusa, na kusoma hesabu. Na ninakuahidi hili moja, Mama Otis, ndilo ninaloliweka badala ya ile ndiyo ya zamani: yeyote kati yao atakayekuja kuniuliza aende au abaki, sitamjibu akiwa ameketi mbele yangu. Nitachukua mwavuli huu, nimtoe nje, nimsindikize, na nitamwambia ukweli wangu tukiwa tunatembea.

Unakumbuka sisi tulivyokuwa tukisindikizana? Wewe unanileta Manyatta, nami naona haya uende peke yako, nakurudisha Kondele, nawe unaona haya, unanitoa tena. Mpaka Otis anakuja kutusimamisha katikati kwamba ugali umepoa. Sikujua kwamba mambo mengi niliyo nayo niliyapata katika huko kwenda na kurudi.

Sasa nimekusindikiza hadi hapa. Adabu ya huku, kama ulivyonifunza, ni kwamba msindikizaji hamfikishi mgeni hadi mlangoni kwake. Husimama penye kona, akamtazama, kisha akarudi kwake. Safari hii hutaona haya ukanirudisha, najua. Lakini usiende haraka. Kama lipo neno lingine ulilolibakiza, liseme sasa, nyumba zote ziko nyuma yetu.

Kishikwambi nimekifunga. Nasikiliza.

Oriti, Mama Otis. Nenda salama.

Nyathini, mtoto wako,
Nafula